Maswali ya Wasomaji: São Tomé na Príncipe, Visiwa vya Kakao na Mawimbi

Katika toleo lililopita niliandika aya moja fupi kuhusu São Tomé na Príncipe, nchi ya visiwa viwili katika Ghuba ya Guinea, nikasema kwamba siku hizi wageni huifuata kwa ajili ya mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Aya hiyo imeleta barua kutoka Unguja na Pemba, na kwa kuwa niliwahi kufika huko na kukaa wiki tatu, nimeona ukurasa huu wote niuachie maswali hayo.

Assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Paje na kazi yangu ni kuwahudumia wageni wanaocheza kaiti, yaani kuvutwa na tiara kubwa juu ya maji. Wengine huniambia kwamba upepo wetu ni mzuri lakini mawimbi ya ubao hatuna, na kwamba São Tomé mambo ni kinyume chake. Kwa nini iwe hivyo, ilhali sote tumezungukwa na bahari? Na je, mchezo huo waliletewa na wageni kama sisi tulivyoletewa kaiti?

Wa alaykum salaam, mwanangu. Wageni wako wamesema kweli, na sababu yake kubwa imelala chini ya maji. Wewe unajua kuliko mimi kwamba hapo Paje maji yakipwa mtu huenda kwa miguu, akawapita kina mama kwenye mashamba yao ya mwani, hata akakaribia mwamba wa nje. Mwamba huo wa matumbawe ndio unaoyavunja mawimbi ya bahari kuu huko mbali, na sisi tunabakiwa na maji mapana, ya kina kifupi, yaliyotulia. Juu ya maji hayo huvuma kusi kwa miezi na kaskazi kwa miezi, bila kuchoka. Mtu wa kaiti anataka nini zaidi?

São Tomé haina ukuta wa namna hiyo. Ni kisiwa kilichoinuliwa na volkano kutoka kwenye kina kirefu, na miamba yake ni mawe meusi yanayoingia baharini kwa ghafla. Tena kiko karibu mno na Ikweta, mahali ambapo upepo mara nyingi ni dhaifu. Mstari wenyewe wa Ikweta unapita katika kisiwa kidogo cha Rolas, kusini mwa kile kikubwa. Mawimbi yake hayazaliwi hapo. Huzaliwa na dhoruba za kusini kabisa mwa Atlantiki, kwenye maji ya baridi, kisha husafiri maelfu ya kilomita kuelekea kaskazini. Katika safari hiyo yale mafupi hufia njiani na yale marefu huendelea, hata yanapofika kisiwani huwa yamejipanga safu kwa safu, na baina ya moja na jingine kuna nafasi ya kutosha mtu kuvuta pumzi. Likifika kwenye rasi ya mawe, wimbi huanza kuvunjika upande mmoja na kuendelea kujikunja kuelekea upande wa pili, na hapo ndipo mwenye ubao hupata njia ndefu ya kuteleza. Dhoruba hizo za kusini huwa kali zaidi wakati wa baridi ya huko, kuanzia karibu Mei hadi Septemba.

Swali lako la pili limenifurahisha zaidi, kwa sababu jibu lake ni hapana. Mbao za kisasa, zile nyepesi zenye kamba ya kufunga mguuni, zililetwa na wageni, lakini mchezo wenyewe waliukuta. Nilikaa asubuhi moja katika pwani ya Santana, upande wa mashariki wa kisiwa, nikimtazama mtoto wa kama miaka tisa. Ubao wake ulikuwa kipande kizito cha mti, urefu wake ukimfika kifuani, ncha ya mbele imechongwa mviringo kwa panga, na alama za panga bado zinaonekana. Hakuwa na kamba. Aliingia nao majini akiusukuma mbele yake, akapiga mbizi kila wimbi lilipomjia, kisha akageuka na kungoja huku akitazama nyuma ya bega. Wimbi lilipomwinua alijilaza kifudifudi, akapiga mikono mara mbili, akapanda magoti, na akaja nalo hadi mchangani, ambako alisimama, akaufuta ubao mchanga kwa kiganja na kurudi. Hakumtazama mtu yeyote. Hakuwa akimwonyesha mgeni kitu.

Jambo hili si la juzi katika pwani ya Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1640 Mjerumani mmoja, Michael Hemmersam, aliyekuwa Elmina katika Ghana ya leo, aliandika kwamba wazazi walikuwa wakiwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatupa majini ili wazoee bahari. Karibu karne mbili baadaye, katika miaka ya 1830, afisa wa Kiingereza aitwaye James Alexander aliwaona wavulana wa Accra wakiogelea hadi kwenye maji makubwa na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja wimbi liwarudishe pwani. Nakuomba uwaeleze hayo wageni wako siku watakapokwambia kwamba Mwafrika alifundishwa mchezo huu.

Mwanangu mwandishi, mimi ni mkulima wa karafuu huku Konde. Ulisema nchi hiyo iliishi kwa kakao kama sisi tulivyoishi kwa karafuu. Nataka kujua ukubwa wake, kakao inafanyiwa kazi gani mpaka iwe kitu, na kama misitu yao imesalimika kama Ngezi yetu.

Shikamoo, mzee wangu. Ukubwa wake utaushangaa: nchi nzima, visiwa vyote viwili pamoja, ina kilomita za mraba 1,001, yaani inakaribiana sana na Pemba. Watu wake ni laki mbili na kitu, wachache kuliko nusu ya watu wa Pemba waliohesabiwa mwaka 2022. Basi chukua Pemba, ondoa zaidi ya nusu ya watu wake, halafu ukiinue kisiwa katikati mpaka kifike mita 2,024 juu ya bahari, kwa kuwa huo ndio urefu wa kilele cha São Tomé.

Ama kazi ya kakao, ni kazi ya mikono kama ya karafuu, ila inakwenda njia nyingine. Tunda lake hutoka kwenye shina lenyewe, si kwenye ncha za matawi, hivyo mchumaji hana haja ya kupanda juu kama vijana wetu wanavyopanda mikarafuu na kuteremka na vikonyo mkononi. Hukatwa kwa kisu na kupasuliwa. Ndani yake mna kokwa zilizovikwa nyama nyeupe, laini, tamu yenye ukali kidogo. Nilipopewa nimumunye nilikumbuka shokishoki. Kokwa hizo mbichi hazina harufu ya chokoleti hata kidogo. Hutiwa katika masanduku ya mbao, hufunikwa kwa majani ya migomba, na huachwa zichachuke kwa siku tano, sita au zaidi, zikigeuzwa geuza. Nilitia mkono ndani ya sanduku moja nikautoa upesi kwa joto lililokuwamo, na harufu iliyopanda ilikuwa ya siki. Mchachuko huo ndio unaoiua mbegu na kuianzishia ladha. Baada yake huanikwa juani, lakini kwa kuwa mvua ya huko ni nyingi, mashamba makubwa yalijenga pia sakafu za kukaushia zenye moto chini yake. Sisi tunaogopa wingu moja likipita juu ya majamvi yetu. Wao wanaishi na wingu hilo karibu mwaka mzima.

Lakini mzee wangu, kufanana kwetu hakuishii kwenye kuanika. Wareno walipofika huko karibu mwaka 1470 visiwa vile havikuwa na watu, kwa hiyo takriban kila mwenyeji wa leo ni mjukuu wa mtu aliyechukuliwa kutoka bara la Afrika kwa nguvu au kwa mkataba wa udanganyifu. Kwanza ilikuwa miwa, katika karne ya 16. Kakao ililetwa kutoka Brazili mwanzoni mwa karne ya 19, zama zile zile ambazo mikarafuu ilikuwa ikipandwa kwa wingi kwetu, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 visiwa hivi vidogo vilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa kakao duniani. Utumwa ulikwisha kisheria mwaka 1875, ila jina tu ndilo lililobadilika: watu waliletwa kutoka Angola, Cape Verde na Msumbiji kwa mikataba ambayo wengi hawakuijua wala hawakurudishwa kwao ilipomalizika. Mwaka 1909 kampuni ya Cadbury na watengenezaji wengine wa chokoleti wa Uingereza walikoma kununua kakao ya huko kwa sababu ya habari hizo. Na tarehe 3 Februari 1953 wakoloni walianza mauaji yanayojulikana kwa jina la Batepá, baada ya wenyeji kukataa kulazimishwa kazi za mashambani. Siku hiyo hukumbukwa kila mwaka. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Julai 1975.

Mashamba hayo huitwa roça, na ndiyo yanayotembelewa mno na wageni. Mengine yalikuwa miji kamili, yenye reli yake, kanisa lake na hospitali yake. Katika shamba linaloitwa leo Agostinho Neto, hospitali imesimama juu ya kilima mwisho wa barabara pana, kubwa kama kasri, na watu bado wanaishi katika vyumba vilivyojengewa vibarua wa zamani. Baadhi ya nyumba za wenye mashamba zimegeuzwa hoteli, na hapo nasema wazi kwamba sipendezwi pale mgeni anapoonyeshwa vitanda vya mwenye shamba, vigae na bustani, kisha akaondoka bila kuambiwa nani aliyelala katika vile vyumba vya safu nyuma ya nyumba. Sisi tunaowapeleka wageni Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, na Mangapwani, walikofichwa watumwa, tunajua kwamba habari hiyo inaweza kusemwa, tena kwa heshima.

Kuhusu misitu, sehemu kubwa ya kati na kusini ya kisiwa ni hifadhi ya Obô, na ndani yake imesimama nguzo ya mwamba iitwayo Cão Grande, yaani Mbwa Mkubwa, ambayo ni kiini cha volkano ya kale kilichobaki baada ya mlima kuliwa na mvua. Wewe wa Ngezi utapenda zaidi habari hii: kama Pemba ilivyo na bundi wake mdogo asiyepatikana mahali pengine popote, Príncipe nayo ina wake, na wataalamu walimtambulisha rasmi mwaka 2022 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakisimulia habari zake zamani. Jina lake la kisayansi, bikegila, ni lakabu ya askari wa hifadhi wa huko aliyewaongoza wataalamu miaka mingi msituni.

Mimi ni mama wa wasichana wawili hapa Nungwi. Je, huko watoto wa kike nao huingia baharini na mbao, au ni mchezo wa wavulana?

Kwa muda mrefu ulikuwa wa wavulana, Bi mkubwa, kwa sababu unayoijua: mvulana akitoka shule huachwa aende pwani, msichana hungojwa na ndoo ya maji, nguo za kufua na mdogo wa kubeba. Hivi sasa Santana upo mradi unaowafundisha wasichana kuteleza kwenye mawimbi na kuwasimamia katika masomo yao kwa pamoja, na nimewaona wakisimama juu ya mbao wima kabisa. Nungwi kwenu wasichana walikwisha kufundishwa kuogelea na walimu wa kike, wakiwa wamevaa mavazi ya stara ya kuogelea, kwa hiyo nusu ya kwanza ya njia mmeshaipita. Binti anayeishi hatua hamsini kutoka baharini bila kujua kuogelea yumo hatarini kila siku, na hilo mimi naliona ni kubwa kuliko mchezo.

Mimi ni mwalimu Makunduchi. Kwetu tuna Mwaka Kogwa, ambao watu hutoka mbali kuja kuutazama. Wao wana nini?

Wana tamthilia, Mwalimu, na sijaona mfano wake kokote. Huitwa Tchiloli. Asili yake ni shairi la Kireno la karne ya 16 kuhusu mfalme Charlemagne: mwanawe, Carloto, anamuua rafiki yake Valdevinos mawindoni kwa kumtamani mkewe, na mjomba wa marehemu anakuja mbele ya mfalme kudai haki. Mfalme anatakiwa amhukumu mwana wake wa kumzaa. Hadithi ni hiyo tu, lakini huchezwa mchana kutwa, kwa saa tano au sita, uwanjani, na jeneza dogo likiwekwa katikati tangu mwanzo hadi mwisho ili asisahaulike aliyeuawa.

Wachezaji wote ni wanaume, hata kwenye nafasi za wanawake, na kila kikundi hurithishana nafasi, baba akimwachia mwana ile ile aliyoicheza yeye. Wanaingia kwa hatua za kucheza, zumari na ngoma zikiwaongoza, wakiwa na vinyago vyeupe vya wavu usoni, majoho ya mahameli, glavu na miwani ya jua. Mawaziri wa mfalme huyo wa miaka elfu moja na mia mbili iliyopita huwa na simu na mashine ya kuandikia, na wanasheria wake husoma hoja ndefu kwa Kireno cha mahakamani, ambazo vizazi vya wachezaji vimeziongeza vyenyewe. Nilikaa karibu na mzee aliyekuwa akiyatamka maneno ya mfalme kimya kimya, midomo ikimchezacheza, kabla mfalme hajayasema. Hukumu ilipotoka kwamba Carloto afe, watu walishangilia kama ndiyo kwanza wanaisikia. Fikiri, Mwalimu, ilikuwaje kwa watu waliokuwa chini ya gavana asiyeshitakiwa kulichukua shairi la watawala wao na kulicheza mbele yao, mwaka baada ya mwaka, wakilitaja neno haki kwa sauti kuu.

Kama watu wa Makunduchi wanavyopigana kwa migomba siku ya Mwaka Kogwa, huko Príncipe nako kuna siku ya mapambano: kila Agosti mji mdogo wa Santo António hugeuka uwanja wa vita vya kuigiza baina ya Wakristo na Waislamu wa kale, na binti wa mfalme wa Waislamu, Floripes, ndiye anayebeba jina la mchezo. Mambo yake mengine Mwislamu hatayakubali, lakini wenyeji huyacheza kama urithi wa mji wao.

Lugha ya serikali ni Kireno, lakini nyumbani husemwa pia Forro, Angolar, na Lung'ie ya Príncipe. Neno utakalolisikia kutwa ni leve-leve. Hutahitaji mkalimani, kwani ni polepole yetu yenyewe, na husemwa kwa sauti ile ile.

Natoka Chake Chake na nimeweka akiba kwa ajili ya safari moja kubwa. Naomba uniambie kwa ufupi: nipite wapi, niende lini, nile nini mimi Mwislamu, na niwapelekee zawadi gani?

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Njia za kawaida hupitia Luanda, Accra au Lisbon, na tofauti ya nauli ni kubwa, hivyo linganisha kwanza. Habari za viza ziulize ubalozini kabla hujalipa chochote, na usitoke nyumbani bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu kitahitajika njiani na hata utakaporudi Zanzibar. Fedha yao ni dobra, ambayo imefungwa kwenye yuro kwa thamani ya dobra 24.5 kwa yuro 1. Beba yuro taslimu, maana si kila mahali kadi inapokelewa.

Juni hadi Septemba ni majira yao makavu, yaitwayo gravana, wakati wa mawimbi, wa kutembea msituni na, mwezi Agosti, wa sherehe za Príncipe. Ukitaka kuwaona kasa wakitaga, nenda baina ya Novemba na Februari. Príncipe iko mbali na São Tomé kiasi cha kilomita 150, na ndege yake ni ndogo, hivyo kata tiketi mapema. Huko ndiko, katika shamba la Sundy, mwanafalaki Mwingereza Arthur Eddington alikopiga picha za kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919, zilizothibitisha hesabu za Einstein kwamba mwanga wa nyota hupinda ukipita karibu na jua.

Wenyeji wengi ni Wakristo, na nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wetu ni vigumu kuipata, lakini hutalala na njaa. Samaki ni wa kila siku. Shelisheli huchomwa, huchemshwa na kukaangwa kama kwetu, na ndizi na majimbi hayakosekani. Chakula chao cha heshima ni calulu, mchuzi mzito wa samaki wa kukausha kwa moshi, mboga za majani nyingi, bamia na mawese, unaopikwa kwa saa nyingi. Uliza kwanza kama ni wa samaki au wa kuku.

Zawadi, mimi nilipeleka pakiti moja ndogo ya karafuu. Mama aliyenipangisha chumba alizijua, lakini hakuwahi kuziona nzima na nyeusi namna ile, vichwa vyake bado vikiwepo. Alizimwaga kiganjani, akazinusa kwa muda, akatia mbili katika sufuria ya calulu iliyokuwa motoni, akaonja, akatia ya tatu.